Wakili wa staji asipolipwa, mhami ndiye anayelipa

Mtu anapokamatwa Uvira, Beni ao Bunia, na jamaa yake haina makuta ya kumlipa wakili mwenye jina, anayefika kasho kumuuliza habari zake kwa kawaida ni kijana. Ana dosie mkononi, na toge yake, lile vazi jeusi la mawakili, ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi la barabara lisiiharibu. Watu wanamwita "Metre" kama wanavyowaita wakubwa wake. Lakini yeye bado yuko kwenye staji, yaani miaka ya kwanza ya kazi, chini ya mlezi.

Haki inapozungumziwa mashariki mwa Kongo, wanatajwa majaji, waendesha mashtaka na mawaziri. Kijana huyu hatajwi. Hata hivyo, kwa jamaa iliyokimbia vita, yeye ndiye mara nyingi uso wa kwanza wa sheria, na pengine wa pekee. Namna anavyoishi miaka yake ya kwanza ndani ya kabine ya mawakili si shida yake peke yake. Inaamua kama mhami atapata mtetezi ao atakaa kasho bila kujua tarehe ya kutoka. Na kwa sasa, vijana hao wengi wanaishi kwa kubahatisha.

Staji ni kitu gani

Sheria inayopanga kazi ya mawakili nchini ni ile ya tarehe 28 Septemba 1979. Kufuatana na sheria hiyo, mtu aliyemaliza masomo ya sheria kwenye chuo kikuu haandikwi moja kwa moja kwenye orodha kubwa ya baro, yaani chama cha mawakili cha eneo lake. Anaandikwa kwanza kwenye orodha ya staji, anakula kiapo mbele ya Mahakama ya Rufani, kisha anafanya kazi miaka 2 ndani ya kabine ya wakili mkubwa. Katika miaka hiyo ana wajibu wa kufanya kazi za kabine, kuhudhuria vikao vya mahakama, kufuata mafundisho ya baro, na kupokea watu wasio na uwezo kwenye ofisi ya mashauri ya bure, ile inayojulikana kwa herufi BCG.

Wajibu huo wa mwisho ndio unaowagusa wahami. Sheria inaiomba baro iwasaidie watu wasio na uwezo, na baro kwa sehemu kubwa inauweka mzigo huo juu ya mabega ya vijana. Wakili mwenye miaka 15 ya kazi ana wafanyabiashara, kampuni na mashirika ya kuhudumia. Mama anayeishi kwenye hema hawezi kumfikia. Anayemfikia ni kijana wa mwaka wa kwanza ao wa pili.

Kazi ya kijana huyo haifanani na zile za kwenye filamu. Asubuhi anapanga dosie za siku. Kikao kinapoanza, mara nyingi anasimama tu kuomba kesi isogezwe mbele kwa sababu mlezi wake yuko mahakama nyingine. Baadaye anakwenda grefe, kwa makarani, kuomba nakala ya hukumu. Mchana anangoja mlangoni mwa parke, kwa waendesha mashtaka, ili aone dosie ya mteja. Jioni anaandika.

Sehemu ngumu zaidi ya kazi hiyo haionekani. Mama aliyekimbia Masisi ao Fizi anaeleza mambo yake kwa Kiswahili, Kihunde ao Kibembe, lakini mahakama inaandika kwa Kifaransa. Kati ya maneno ya mama na karatasi ya jaji, yuko kijana wa staji. Mama akisema "aliniuzia shamba," na kijana akaandika kwa haraka kwamba alikopeshwa, kesi imeharibika kabla haijaanza.

Ndiko pia anakojifunza kuhesabu siku. Mtu aliyehukumiwa kwa kosa la jinai ana siku 10 tu za kukata rufani. Kwa kesi za kiraia, kama za deni na za mashamba, ni siku 30 tangu hukumu imfikie rasmi. Siku hizo zikipita, hata wakili bora wa mji mzima anabaki na kazi ngumu mno. Kwa hiyo kijana anayekwenda grefe kila asubuhi kuuliza kama hukumu imetoka anafanya kazi kubwa, hata kama inaonekana ni ya kutumwa.

Nani anamlipa

Katika kabine nyingi za mashariki, kijana wa staji hana mshahara. Mteja akilipa, mlezi anamkatia kidogo cha usafiri. Mteja asipolipa, kijana anatembea kwa mguu ao anabaki. Kabine zinazowalipa vijana wao kila mwezi zipo, hata kama ni kidogo, na zinastahili heshima. Lakini si kanuni.

Wakati huohuo yeye analipa. Alilipia kuandikwa kwenye baro. Alilipia toge. Analipia vocha ya simu ya kumwita mteja, na fotokopi ya dosie. Mara nyingi bado anakula kwa wazazi ao kwa kaka mkubwa, na jamaa iliyouza ng'ombe ao kiwanja ili asome inangoja aanze kuisaidia. Vijana waliosoma naye wanaofanya kazi kwenye mashirika ya misaada wanapata mshahara mwisho wa mwezi. Haishangazi kwamba wengi wanaweka toge kabatini na kutafuta kazi nyingine.

Wengine wanasema hilo ni jambo la ndani ya kabine, halimhusu mtu wa kambini. Hapo ndipo kosa lilipo. Kazi isiyolipwa na kabine lazima mtu mwingine ailipe. Na anayeilipa ni yule asiye na sauti.

Hesabu ya siku ndani ya kasho

Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 18, inasema kwamba mtu aliyekamatwa hawezi kushikiliwa na polisi zaidi ya saa 48. Baada ya hapo aachiwe ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Anapaswa kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, na kuruhusiwa kuwasiliana mara moja na jamaa yake ao wakili. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kusaidiwa na mtetezi tangu upelelezi wa polisi. Parke nayo ikitaka kumshikilia, ina siku 5 za kumfikisha kwa jaji, bila kuhesabu safari. Jaji anaweza kuruhusu siku 15, kisha mwezi mmoja mmoja.

Kila tarehe kati ya hizo ni nafasi ya kuomba mtu aachiwe. Wakili akiwepo, anaomba. Asipokuwepo, nafasi inapita na karatasi inasainiwa. Kijana aliyekosa franka za pikipiki siku ya kikao amemwachia mtu mwezi mzima mwingine ndani. Watoto wa huyo mtu wanabaki kambini bila anayewatafutia chakula.

Kuna kesi ambazo hata hazipaswi kuanza. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema kwamba kosa la jinai ni la mtu mwenyewe. Hata hivyo, kila mtaa unajua jamaa ambayo mama yao alifungwa kwa sababu kijana wake alitoroka. Kila soko linajua mtu aliyefungwa kwa deni la kawaida, jambo la kwenda mbele ya mahakama ya kiraia. Wakili akifika siku ya kwanza na Katiba mkononi, mambo hayo mara nyingi yanakwisha jioni hiyohiyo. Akifika baada ya wiki mbili, jamaa imekwisha kuuza nguo, sufuria na hata posho ya msaada ili kutoa "amande" ambayo haina risiti.

Mashamba nayo yana hesabu yake. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inakipa nguvu kubwa cheti cha kuandikisha kiwanja ao shamba. Cheti kikikaa miaka 2 bila kupingwa, kukivunja mahakamani kunakuwa kugumu sana. Miaka 2 ni muda mfupi kwa mtu anayeishi kwenye hema. Akiwa mbali, mwingine anaweza kujiandikisha mahali pake. Barua ya kupinga, iliyoandikwa vizuri na kupelekwa mapema kwa mtunza hati za ardhi, inaweza kuokoa urithi wa watoto. Ni kazi ambayo kijana wa staji anaweza kuifanya ikiwa ana karatasi, usafiri na mtu wa kumsahihishia.

Kwa akina mama na wasichana waliobakwa, sheria ya tarehe 20 Julai 2006 ilikwenda mbali zaidi. Inataka mhanga asaidiwe na wakili wakati wa upelelezi. Inasema pia kwamba kulipa faini ofisini hakuzimi kesi ya ubakaji. Lakini sheria haitembei yenyewe. Lazima mtu aketi na msichana yule, amsikilize bila haraka, amsindikize hospitali na parke, arudi tena kesho. Wahanga wengi wanapenda mtu huyo awe mwanamke. Ila wasichana waliosoma sheria nao wanaacha staji wakikosa cha kuishi, tena pengine mapema zaidi, kwa sababu nyumbani wanaulizwa kila siku kazi gani hiyo isiyoleta kitu.

Tabia inayojifunzwa

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kijana anayekaa miaka 2 bila mshahara anajifunza sheria, lakini anajifunza na mambo mengine. Anajifunza kwamba dosie ya tajiri inafunguliwa kwanza. Anajifunza kwamba kuzungumza na afisa wa polisi pembeni kunaleta makuta upesi kuliko kuandika ombi. Siku moja anaiambia jamaa ya mfungwa, "Changieni kidogo, nitawaona wakubwa." Siku hiyo ameacha kuwa mtetezi na kuwa dalali wa kasho.

Si wote wanaanguka. Wengi wanakataa, na wanalala njaa kwa sababu walikataa. Lakini haifai nchi ijenge haki yake juu ya ushujaa wa vijana wenye njaa. Wakili aliyezoea udalali kwenye mwaka wa kwanza ataufanya na kwenye mwaka wa 20, akiwa yeye sasa ndiye mlezi wa wengine.

Mawakili wakubwa wana jibu lao, na ni jibu la kusikilizwa. Wanasema nao walianza hivyohivyo. Wanasema kabine ni shule, na mwanafunzi halipwi na mwalimu. Wanasema wateja wenyewe wanalipa kwa ahadi, kodi ya nyumba inangoja, na tangu vita biashara zimekufa. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Kabine ya watu watatu kwenye mji uliojaa wahami si kampuni kubwa ya Kinshasa yenye wateja wa migodi na benki.

Lakini kuteswa jana si sababu ya kumtesa wa leo. Na huyo "mwanafunzi" ndiye anayesimama kikaoni kwa jina la kabine, ndiye anayeleta nakala, ndiye anayeandika usiku. Kabine inayomtuma mtu mahakamani inaweza angalau kumpa nauli ya kwenda na kurudi. Anayeomba mshahara wa Kinshasa hayupo. Kinachoombwa ni kwamba kesi ya maskini isikwame kwa kukosa pikipiki.

Yalipopatikana, kazi ilifanyika

Mifano ipo. Baraka, Februari 2011, mahakama ya kijeshi ilifika mahali penyewe, ikamhukumu luteni-kanali mmoja wa jeshi miaka 20 jela kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, baada ya akina mama kubakwa Fizi siku ya Mwaka Mpya. Kavumu, Desemba 2017, mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, kati yao mbunge wa jimbo, kwa sababu ya ubakaji wa watoto wasichana wapatao 40. Julai 2018 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilithibitisha hukumu hiyo.

Tofauti na hiyo ni kesi ya Minova, iliyohukumiwa Goma mwezi Mei 2014. Wanajeshi 39 walifikishwa mahakamani, lakini 2 tu ndio waliohukumiwa kwa ubakaji. Sababu zilikuwa nyingi, na upelelezi dhaifu ni mojawapo.

Kesi kama ya Kavumu haishindwi kwa hotuba ya siku moja. Inashindwa na watu waliosafiri, wakasikiliza, wakaandika, wakarudi tena kijijini. Mashirika yalisaidia gharama hizo, na mawakili wakapata muda wa kuandaa dosie. Somo lake ni rahisi: mawakili wa Kivu hawakosi akili wala moyo. Wanachokosa ni njia ya kumfikia mtu na kurudi kwake mpaka mwisho. Mwizi wa kuku aliyefungwa bila dosie hana shirika la kumlipia wakili. Mjane aliyenyang'anywa shamba naye hana. Hao wamebaki kwa kijana wa staji.

Vita imezidisha mambo. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka huohuo. Wafungwa wa Munzenze walitoroka tarehe 27 Januari. Mahakama za serkali zilisimama kazi katika miji hiyo, na mawakili, wakubwa na vijana, walikuwa kati ya watu waliokimbia. Kijana aliyekuwa amebakiza miezi michache ya staji alijikuta naye ni mhami, bila kabine, bila mlezi, na pengine bila hata kiapo chake kwenye karatasi. Wateja wake wako Burundi, Uganda, Kalemie, na dosie zao hakuna anayejua ziko wapi.

Yanayowezekana sasa

Kwanza, baro za miji inayopokea wahami ziwapokee vijana hao wa staji na kuwahesabia miezi waliyokwisha kufanya. Wanajua lugha za wahami, wanajua vijiji vyao, na wengine wanalala kambi moja nao. Kuwaacha wakae bure ni kupoteza mara mbili.

Pili, ofisi ya mashauri ya bure itoke mjini. Iwe na siku inayojulikana kwenye kila kambi na kila kasho kubwa, itangazwe kwa redio, na kijana aliyepangwa siku hiyo apewe usafiri kutoka kwenye kasha la baro. Kila wakili mkubwa anachanga kwa baro kila mwaka. Sehemu ndogo ya mchango huo inatosha kuanza.

Tatu, baro iwakague walezi kama inavyowakagua vijana. Mlezi asiyesahihisha kazi, asiyetoa hata nauli, asipewe kijana mwingine. Serkali nayo, inayotunga sheria za kuwapa wahanga mawakili, iweke pesa kwenye bajeti kwa sheria hizo, kisha izitoe kweli. Na mashirika yapunguze semina za hoteli, yalipie kesi kutoka siku ya kukamatwa mpaka siku ya hukumu.

Jamaa za wahami pia zina sehemu yao. Metre akifika, aulizwe jina, kabine yake na kadi yake ya baro. Wakili wa kweli hakasiriki kwa swali hilo. Makuta yoyote yakitolewa, risiti itolewe. Jamaa ibaki na nakala ya kila karatasi, na iandike tarehe ya kikao kinachofuata. Mwenye hali mbaya kabisa aombe kwenye komine ao ofisi ya mambo ya jamii hati ya kuonyesha kwamba hana uwezo, kwa sababu inaweza kumwondolea gharama za mahakama. Na kijana asidharauliwe kwa umri wake. Anayesema "sijui, nitamuuliza mlezi wangu, nitarudi Alhamisi," kisha akarudi Alhamisi, anafaa kuliko mkubwa anayeahidi kila kitu kwa simu.

Baada ya miaka 10, vijana hawa ndio watakaokuwa wakuu wa kabine, walezi, pengine majaji. Wakati huo watu watakuwa wanarudi vijijini na kuulizana shamba ni la nani, nani aliua, nani alilipa. Kabine, baro na serkali zinachagua leo ni mawakili gani watakaosimama na watu hao. Kuanza na nauli ya kwenda kasho si gharama kubwa.